Mlima Aliouomba Mama Pazia

Mama Pazia alikuwa juu ya ngazi, pini mdomoni na utepe wa kupimia shingoni, aliposikia kwamba mkwe mwenzake anapelekwa ng'ambo kuona theluji.

Hakuna aliyemwita kumwambia. Alikuwa amekwenda kwa bintiye kupima dirisha la sebuleni, maana kushona pazia ndiyo iliyokuwa kazi yake na ndiyo iliyompa jina. Hata mumewe alishasahau kumwita vingine. Chini yake, mezani, binti alikuwa amefungua kompyuta. Kando ya binti aliketi mama mkwe wake, mama aliyekuwa mkunga wa hospitali mpaka alipostaafu, na ambaye watu hawakuacha kumwita Mkunga. Siku hiyo Mkunga alikuwa amevaa kofia ya sufu iliyomfunika masikio, ndani ya nyumba, na jua linawaka nje. Alikuwa anacheka.

"Inanibana hii."

"Itatanuka, mama," binti akasema. "Baridi ya huko si mchezo. Tazama, hoteli yenyewe ndiyo hii. Sisi tukiwa tunateleza kule mteremkoni, wewe na Chifu mnatuona kupitia hili dirisha."

Chifu alikuwa mjukuu wao. Alikuwa bado anatambaa, lakini nyumba nzima aliitawala yeye.

Mama Pazia alizitoa pini mdomoni moja moja asije akazimeza. "Nani anakwenda wapi?"

Binti aliinua uso. Akaifunga kompyuta nusu, kama mtoto aliyekutwa na mkono kwenye kopo la sukari. "Likizo, mama. Milimani. Mimi, baba Chifu, Chifu mwenyewe, na mama."

Neno "mama", mwanao akilitamka huku akimtazama mtu mwingine, huchoma kuliko pini.

"Vizuri," Mama Pazia akasema. "Safari njema."

"Yako ipo," binti akaongeza haraka. "Wewe subiri tu."

Yako ipo! Hivyo ndivyo anavyoambiwa mtoto aliyemwona mwenzake ana pipi. Mama Pazia mwenyewe alikuwa amemwambia binti huyuhuyu maneno hayo mara chungu nzima, na mara nyingi hapakuwa na kitu. Akalipima lile dirisha upya, akapata kipimo tofauti na cha kwanza, akalipima tena, akapata cha tatu. Aliaga akisema kichwa kinamuuma.

Nyumbani alimkuta mumewe, dereva wa malori mstaafu, anakula mbele ya televisheni.

"Mkunga anapelekwa kuona theluji."

"Ataiona," mume akasema. "Ni nyeupe."

"Hebu acha mzaha! Nani alimzaa yule mtoto? Nimeshona pazia za watu mpaka vidole vikaota sugu ili yeye asomee udaktari wa meno. Leo amepata meno, anamng'ata nani? Mimi!"

"Lakini wewe na baridi ni maadui. Ukifungua friji unajifunga shali."

"Theluji siitaki. Nilitaka kuulizwa."

"Basi mwambie hivyo hivyo."

"Kuna mambo mtu haambiwi. Anatakiwa ajue."

Mume alitafuna, akameza, akaongeza sauti ya televisheni. Alikuwa ameishi na mwanamke huyo miaka mingi, akijua lini maneno yanasaidia na lini yanamwagia moto mafuta.

Kijicho kikishaingia rohoni hakikai bure, hutafuta kazi. Juma lile Mama Pazia alishona pazia za ofisi ya wakili akaweka bitana upande wa nje, ikabidi azifumue zote. Akilala anaiona ile kofia ya sufu. Akiamka anamwona Mkunga amesimama juu ya kilele, anapunga mkono. Mkunga hakuwa amemkosea lolote. Alikuwa mtu wa watu, mpole, mwenye kicheko cha karibu. Hilo nalo lilimuudhi. Mbaya wako akiwa mbaya, angalau unapata pa kumshika.

Mkwewe, baba Chifu, alipokuja kumsaidia kubeba fito za kutundikia pazia, Mama Pazia aliipata nafasi. Kijana huyo alikuwa fundi wa lifti, mwenye adabu, tena mtoto pekee wa mama yake.

"Baba," Mama Pazia akasema kwa sauti ya huruma, "mama yako presha yake ikoje siku hizi?"

"Haina shida, mama. Kwani vipi?"

"Nauliza tu. Si wanasema huko juu hewa ni haba? Nina mteja wangu, naye alimpeleka mama yake mlimani hivyohivyo, kwa mapenzi. Alirudi amebebwa." Akahema. "Lakini Mungu mkubwa. Kila mtu na bahati yake."

Mteja huyo hakuwapo duniani. Mkwewe aliishusha fito aliyokuwa ameibeba, akabaki ameitazama.

Siku chache baadaye habari zikafika: Mkunga haendi tena mlimani. Mwanawe amekataa katakata, na mama hakubisha hata neno moja. Mama Pazia akaona huko kutobisha ni kushindwa. Basi Chifu ataangaliwa na nani huko mlimani? Alikohoa kidogo, akampigia simu binti yake.

"Kama hakuna mtu, mimi nitajitahidi."

"Una uhakika, mama? Kule ni kazi. Wewe nilikuwa nime..." Binti akaishia hapo.

"Unaona sifai?"

"Sijasema hivyo."

"Basi ninunulie kofia. Kubwa. Kichwa changu hakilingani na cha Mkunga."

Wakasafiri. Mama Pazia aliuona mlima akiwa garini, asubuhi, mweupe mpaka macho yakamtoka machozi, na kwa muda alisahau yote. Alishika theluji kwa vidole, akacheka, akapigwa picha, akaituma kwa mumewe na kwa kila mteja aliyekuwa na simu. Hakusahau kumtumia Mkunga.

Lakini picha ni ya dakika moja, na siku ina saa nyingi. Baada ya kifungua kinywa binti na mumewe walivaa yale mabuti mazito kama matofali, wakabeba vibao vyao vya kutelezea, wakamfuata mwalimu wao. Mama Pazia alibaki chumbani na Chifu. Chifu alikuwa anaota meno. Alilia akibebwa, akalia akilazwa, akautema uji kwenye zulia la hoteli, akachafua nepi, akabadilishwa, akaichafua mpya kabla haijafungwa. Nje haikuwezekana kutoka naye. Baridi ilikuwa ya kukata pua. Ndani, kipasha joto kilinguruma na soksi zilizolowa zilinuka juu yake. Mama Pazia alizikagua pazia za chumba akitafuta kasoro ya kumliwaza. Zilikuwa zimeshonwa vizuri.

Alisimama dirishani na mtoto begani. Kule chini binti yake alikuwa anaanguka, anacheka, anainuliwa na mumewe, wanaanguka pamoja. Viti vya lifti vilipanda mlima kwa waya na watu wawiliwawili, miguu inaning'inia. Mama Pazia akajikuta sasa anamwonea wivu mkwewe. Lini yeye na binti yake walicheka hivyo? Kila walipoonana, mmoja alikuwa juu ya ngazi na mwingine anatazama saa.

Siku zikawa hivyo. Alasiri moja binti alirudi peke yake, mashavu mekundu, akajitupa kitandani bila kuvua koti.

"Pole, mama. Najua umechoka."

"Mkunga alijua atakuja kufanya kazi hii?"

"Alijua. Nilimwomba, akakubali. Likizo ya milimani na mtoto mdogo lazima awepo wa kubaki naye. Ndiyo maana sikukuomba wewe."

"Kwa nini yeye aombwe na mimi nisiombwe?"

Binti alikaa. Alianza kufungua buti, akaacha. "Kwa sababu wewe nilikupangia kisiwa."

"Kisiwa gani?"

"Nilikuambia yako ipo. Baada ya mlima, baba Chifu na mama yake warudi nyumbani na mtoto, mimi na wewe tukutane kisiwani. Sisi wawili tu. Bahari, mchanga, kulala mpaka saa tunayotaka. Huna kupika, huna kushona, huna mtoto wa mtu. Nilitaka iwe ghafla."

Mama Pazia alimweka Chifu chini taratibu. "Basi... si bado tutakwenda?"

"Tutakwendaje, mama? Wewe mlima umeupata. Mama yake baba Chifu alikwishaambiwa anasafiri, akaaga mpaka majirani, halafu akaondolewa. Nikupe wewe mbili na yeye nimpe ngapi? Nimempa kisiwa. Juma lijalo nakutana naye huko. Wewe na baba Chifu mtarudi na mtoto."

"Nyinyi wawili tu?"

"Sisi wawili tu."

Chifu alitambaa mpaka kwenye buti la mama yake akaanza kulitafuna kamba. Mama Pazia alitaka kupiga kelele, lakini angempigia nani? Kila mlango wa lawama aliousukuma, ndani alikuwa amekaa yeye mwenyewe. Akaenda bafuni, akafungua maji ya bomba kwa nguvu, akalia yakimficha.

Waliporudi, alihamia kwa mkwewe kumlea mtoto. Picha zikaanza kuingia kwenye simu. Mkunga ameketi kwenye kiti cha kamba, miwani myeusi usoni, magoti yake mabovu yameanikwa juani. Mkunga na binti ndani ya maji mpaka kiunoni. Mkunga na binti wamevaa kofia za ukili zinazofanana. Ile ya kofia Mama Pazia aliikuza kwa vidole mpaka nyuso zikawa vidoa, akaizima simu, akaiwasha tena kuitazama.

"Mama, kula kidogo," mkwewe akamsihi.

"Nimeshiba," akasema, na kwa namna fulani ilikuwa kweli.

Asubuhi moja Chifu akiwa amesinzia, simu ililia. Mkunga.

"Mkwe, hujambo? Mtoto meno yametoka?"

"Moja. La chini."

"Afadhali. Sikiliza, binti yako amekwenda kuogelea, nikasema nikupigie. Yule mteja wako aliyempeleka mama yake mlimani, yule mama alipona?"

Mama Pazia alikaa kwenye kiti kilichokuwa na nguo zisizopigwa pasi. Alitafuta uongo wa pili, akakuta ghala tupu. "Hakuna mteja, mkwe. Nisamehe. Ni husuda ilinishika."

"Nilijua. Presha yangu naipima mwenyewe kila asubuhi, ni nzuri kuliko ya mwanangu."

"Sasa mbona hukubisha?"

"Nibishe nini? Nimeshika watoto wa watu maisha yangu yote, halafu nipande mlima nikashike mwingine? Nilisema, huyu mama Mungu amemtuma." Mkunga akacheka kile kicheko chake, kisha kikakatika. "Lakini nikuambie kitu. Huku kisiwani nimeletwa mimi, anayesemwa ni wewe. Mama angependa hiki, mama angesema vile, mama alinishonea gauni la shule kwa bitana za pazia. Asubuhi mpaka jioni. Mwanangu mimi hajawahi kunisema hivyo hata siku moja. Nimekaa kwenye mchanga mzuri namna hii nakuonea wivu wewe unayebadilisha nepi. Huoni ni kichaa?"

Mama Pazia alifurahi. Furaha yenyewe haikuwa safi. Nusu ilikuwa kwa sababu bintiye anamkumbuka, na nusu kwa sababu Mkunga anaumia. Alijua, akaona aibu, na bado akafurahi.

"Kula raha zako, mkwe," akasema mwishowe. "Zako hizo, nilikupa mwenyewe." Wakacheka wote wawili.

Siku ya kurudi wasafiri, Mama Pazia alikwenda na mkwewe uwanja wa ndege, Chifu mgongoni. Mkunga alitoka mbele amenawiri, mikono imejaa vikapu. Nyuma yake akaja binti, akakimbia, akanyoosha mikono.

"Chifu! Njoo kwa mama!"

Chifu alimtazama. Akageuza uso, akaushika mgongo wa bibi yake kwa makucha yote, akaangua kilio. Binti alijaribu kumchukua. Mtoto akapiga mateke. Watu wakageuka kutazama.

"Hanijui," binti akasema, akijaribu kucheka. "Anamtaka bibi."

Mama Pazia alimtazama bintiye usoni. Aliona mdomo uliobanwa na macho yaliyomwacha mtoto yakamgeukia yeye, makali kidogo. Sura ile aliijua. Alikuwa ameivaa mwenyewe tangu ile siku ya ngazi. Juma moja tu kabla ya hapo angeifurahia. Angembembeleza mtoto mbele za watu, angesema, "Ukitupa kilicho chako, wenzio huokota."

Alimfungua Chifu mgongoni, akamtia mikononi mwa mama yake bila kusikiliza kelele zake.

"Mimi nakwenda msalani," akasema. "Asiponiona atatulia. Mwimbie, anapenda kuimbiwa."

Akaondoka haraka bila kugeuka. Msalani alisimama mbele ya kioo, akanawa mikono isiyo na uchafu, akasubiri. Kwa mbali alikisikia kilio kinapanda, kinapanda, kisha kinaanza kushuka. Moyo ulimuuma kidogo kwamba kinashuka. Akaendelea kunawa mpaka kikaisha.