Saa za Kujitolea

Darasani walimwita Bibi Mdogo, na jina lilimkaa kama nguo ya kupimiwa. Alikuwa na miaka kumi na sita, lakini alitembea kama mtu aliyeacha sufuria motoni, alisinzia kila kipindi cha tatu, na vidole vyake vilikuwa vimekwajuka kwa sabuni. Wenzake walimtania, naye alicheka nao. Hawakujua kwamba nyumbani kwao, chumba cha nyuma, mama yake alikuwa kitandani mwaka wa pili sasa, nusu ya mwili imekufa ganzi, tangu kiharusi kilipomwangusha juu ya cherehani. Baba alikwishaenda zake zamani. Walibaki wawili tu.

Siku mwalimu mkuu alipotangaza mstarini kwamba shule inaanzisha mpango wa tuzo kwa vijana, Bibi Mdogo alisikiliza kama anayesikia habari za harusi ya watu. Kila atakayejiunga angechagua kazi ya kujitolea, ujuzi mpya na mazoezi ya mwili, avifanye kila wiki kwa miezi mitatu, kisha wote waende milimani siku mbili, kwa ramani na dira, walale kwenye mahema. Atakayemaliza angevishwa beji ya shaba. Jioni, akimlisha mama yake, alimsimulia kama kichekesho. Mama hakucheka. Alimshika kifundo cha mkono kwa mkono wake mzima, na maneno yakamtoka kwa shida, kama yametafunwa.

"Jiandikishe."

Akajiandikisha. Kwenye kitabu chake, mahali pa kazi ya kujitolea, aliandika: kumuuguza mama, kila siku, asubuhi na jioni. Mwalimu wa jiografia, aliyekuwa msimamizi, akamwita ofisini. Alikuwa mtu mwema. Aliisoma kanuni mara mbili, kana kwamba kwa kuisoma tena ingebadilika.

"Kazi iwe nje ya familia," alisema. "Ya nyumbani haihesabiwi."

"Hata nikiifanya kila siku, Mwalimu?"

"Hata ukiifanya kila siku, binti yangu. Sikuitunga mimi."

Basi akamtafutia nafasi zahanati, kila Jumamosi. Huko Bibi Mdogo aliwageuza mama za watu, akawabadilishia mashuka, na muuguzi akashangaa mikono ile imefundwa wapi. Jumatatu na Jumatano alikimbia kuzunguka uwanja. Alhamisi ilikuwa zamu ya ramani. Jirani, mke wa kinyozi, aliahidi kumwangalia mgonjwa, naye aliangalia kweli: alichungulia mlangoni, akauliza kama kuna shida, akaambiwa hakuna, akarudi kwenye shughuli zake.

Alhamisi hizo ndizo zilizomharibu kwa furaha. Dira ilimtii. Mwalimu alipoficha vibao vichakani nyuma ya shule, yeye ndiye aliyevipata vyote kwanza, na siku hema lao lilipowaangukia wakiwa ndani, alicheka mpaka akalia. Akirudi nyumbani mama yake alitaka kujua yote, hatua kwa hatua, hema linasimamishwaje, mlima una urefu gani.

Mpango ulipokaribia mwezi wake wa tatu, mama alianza ukaidi mdogo mdogo. Hakutaka kugeuzwa, alitaka kulalia upande wa dirishani. Akasema atajinawisha mwenyewe kiunoni, yeye si mtoto mchanga. Akaomba poda, ile yenye harufu kali. Bibi Mdogo akamnunulia, akafurahi kwamba mama ameanza tena kujipenda. Na kwa kuwa alikuwa hoi, alishukuru moyoni kazi imepungua.

Asubuhi ya safari mama mdogo alifika mapema, amechukua likizo ya siku mbili ili akae na dada yake. Bibi Mdogo alikuwa sebuleni anafunga mkoba wa kuazima, aliposikia akiitwa kwa sauti ya chini. Mama mdogo alikuwa ameinua shuka. Nyongani palikuwa na kidonda, mdomo wake mdogo, ndani shimo, na ndani kabisa palionekana peupe, mfupa.

"Mama, tangu lini?"

"Nenda, gari litakuacha," mama alisema, macho dirishani. "Kimekaa mwezi. Siku mbili haziongezi kitu."

Hakwenda. Gari la shule lilimngoja dakika kumi, likaondoka. Wao walikodi teksi mpaka hospitali, na daktari akamwambia mama mdogo kando kwamba sumu imeshaingia kwenye damu, wangejaribu. Walijaribu siku nane. Siku ya sita, homa ikiwa juu, mama alifumbua macho akauliza mlima ulikuwaje. Bibi Mdogo akamwambia ulikuwa mzuri. Mlima wenyewe hakuuona, aliujua kwa ramani tu, basi akamsomea ile ramani kichwani: kijito wanakivuka mara mbili, kisha mwinuko mkali, kisha uwanda ambapo mahema yalisimamishwa. Mama akauliza kama kulikuwa na baridi. Akajibu ndiyo, sana. Mama akaridhika. Hakuuliza kitu tena.

Mazishini mwalimu wa jiografia alikuja na wanafunzi kumi na mmoja. Alimpa Bibi Mdogo mkono. Akasema nafasi yake ya safari itamngoja mwakani. Binti akaitikia kwa adabu, akamshukuru kwa kuja.

Mwisho wa wiki ile mama mdogo aliuza kitanda, akampa mke wa kinyozi sufuria, akamchukua mtoto wa dada yake kwenda naye mji mwingine. Alikuwa na watoto wanne na kazi ya zamu kiwandani, na mtu wa kuwaangalia hakuwa naye. Kuhusu shule, alisema, wataona. Bibi Mdogo alisema sawa. Jioni ya kwanza tu, alipewa mdogo kuliko wote ampakate, akamfunga mgongoni, akaanza kuosha vyombo.