Kangaruu wa Mobeni

Habari zilizozagaa kanisani ni kwamba Agathe anafuga kangaruu huko Mobeni, mtaa wa viwanda wa Durban. Waliozisema walizisema kwa uhakika wa mtu aliyeshuhudia. Mmoja alidai amesikia hata mlio wao, na kwa kuwa hakuna aliyejua kangaruu hulia vipi, hakuna aliyembishia. Mchungaji mwenyewe alimvuta Agathe pembeni baada ya ibada, akamuuliza kwa upole kama Durban wanaruhusu mnyama wa namna ile. Agathe alicheka mpaka akashika ukuta.

"Pasta, ni maua," alisema. "Maua tu. Njo banaiitaka vile."

Na kweli yalikuwa maua. Kiganja cha kangaruu ni mmea wa Australia. Majani yake ni membamba na marefu, na katikati yake hupanda vikonyo vinavyobeba maua yenye manyoya laini, mekundu, ya njano na ya machungwa, yaliyokunjuka mfano wa vidole vya mnyama. Agathe aliyaita kangaruu, basi, akayapanda katika vyungu vyeusi vya plastiki kwenye uwanja wa saruji nyuma ya ghala la maboksi. Pale hapakuwa na udongo hata wa kufukia sindano. Palikuwa na jua kutwa nzima na upepo unaopita kati ya maghala, na hivyo viwili ndivyo mmea huo unavyovitaka kuliko kingine chochote.

Agathe alikuwa ametoka Bukavu, kule Kongo, miaka mingi nyuma, na miaka hiyo karibu yote aliimaliza akisuka vichwa vya watu katika saluni za watu. Mteja akipendeza, huondoka akiisifu saluni. Hakuna aliyewahi kusema nimesukwa na Agathe. Jambo hilo lilimkera kuliko miguu kuvimba, kuliko hata mwenye saluni aliyekuwa na mdomo mchafu. Siku moja mteja wa Bluff aliyekuwa akihama nyumba alimpa mashina matatu ya kangaruu yaliyokuwa yanajifia bustanini. Agathe aliyatia katika ndoo tupu za rangi, alizozitoboa ubavuni kwa msumari wa moto, akayawekea magome ya msonobari na mchanga mnene. Yakafufuka. Yalipojaa, aliyagawa kwa ncha ya kitana, taratibu, kama anavyogawa nywele kabla ya kusuka, na kila kipande akakipa chungu chake. Vyungu vikazaa vyungu. Kufikia mwaka huu uwanja ulikuwa umejaa, na yeye alikuwa ameaga saluni.

Watu wa maua wa Durban walikuwa wamemwambia haiwezekani. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, mmea huu hutokwa na madoa meusi kama umedondoshewa wino, kisha basi. Agathe hakubishana nao. Alivitenga vyungu ili upepo upite, akamwagilia shinani asubuhi tu bila kulowesha majani, na mbolea aliitia kidogo kama chumvi ya mgonjwa. Majani yake yalikuwa safi. Picha zake zikatembea kwenye simu mpaka zikamfikia Bi Moonsamy, mwenye duka kubwa la mimea kule Westville, naye akapiga mwenyewe. Angekuja Ijumaa kuangalia. Mimea ikiwa mizima, angeichukua yote na kuiweka mbele ya duka, na kila chungu kingekuwa na kibandiko: kimekuzwa na Agathe, Mobeni.

Mtu mwingine angeuliza kwanza bei. Agathe aliuliza jina lake litaandikwaje, akalitaja herufi kwa herufi, na ile h ya mwisho-mwisho akairudia mara mbili.

Balaa ni kwamba wiki hiyohiyo mdogo wake, Gracieuse, alikuwa anaolewa Johannesburg. Harusi ya mdogo wako haikosi dada mkubwa. Ikabidi amwachie mtu vyungu, na huyo mtu akawa Coletha.

Coletha alikuwa Mtanzania, mtu wa Morogoro, muuza makava ya simu mjini na rafiki wa chanda na pete. Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu, Kiswahili. Coletha alisema Kiswahili cha Bukavu kimeteguka mguu. Agathe alisema cha Tanzania ni cha redioni, kizuri kusikiliza lakini hakisaidii kitu sokoni. Walitaniana hivyo kila siku na hawakuwahi kununiana. Kwa habari ya maua, Coletha alikuwa mwanafunzi, na mwalimu wake hakuwa na subira. Siku ya kukabidhiana funguo aliuliza maswali mpaka Agathe akachoka. Kwa nini kila chungu kina sahani chini? Agathe akajibu kwamba mwenye ghala hataki maji machafu yatambae hadi kwenye maboksi yake. Na hii mbolea je? Na hivi vikonyo? "Ma sœur," Agathe alikata, akimwita dada kwa Kifaransa, "usiulizeulize. Nikikwambia kitu, ufanye tu."

Sifa zilikuwa zimeshampanda kichwani, tuseme ukweli. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na safari hii maji yalikuwa njiani kweli.

Agathe hakumaliza hata siku mbili Johannesburg mvua ikaanza Durban, ile ya Oktoba isiyo na haraka. Akapiga simu, nyuma yake ngoma za harusi zikipasua masikio.

"Mvua iko inanyesha?"

"Tangu jana, dada. Haijakata."

"Basi tosha maji mu masahani. Yote. Asubuhi na mangaribi."

Coletha alisita. "Hata na mvua hii?"

"Juu ya mvua njo nakwambia! Tosha tu, ma sœur. Kila siku, mpaka nirudie."

"Sawa, dada. Nimekuelewa."

Na alikuwa ameelewa, kwa Kiswahili chake. Maji yatoshe, na yatoshe juu ya mvua, yaani zaidi ya mvua inayonyesha. Alishangaa kidogo. Lakini alikuwa ameambiwa asiulize, na fundi wa maua hakuwa yeye. Kwa hiyo asubuhi na jioni, mwavuli mkono mmoja na mpira wa maji mkono wa pili, Coletha alipita chungu kwa chungu akijaza sahani mpaka zimefurika. Alichelewa kufungua meza yake mjini kila siku ya wiki hiyo, na hakulalamika. Ukimwona ungesema ananywesha watoto wake.

Agathe alirudi Alhamisi mchana, akaja moja kwa moja na begi lake. Mvua ilikuwa imekatika na jua limewaka. Uwanja ulikuwa umechanua kuliko alivyouacha, mekundu na njano kila upande, na Coletha alikuwa amesimama katikati, uso umejaa furaha.

"Karibu nyumbani," alisema. "Hata sahani moja haijakauka. Moja!"

Agathe alitazama chini. Kila chungu kilikuwa kinaogelea. Aliangusha begi, akanyanyua chungu cha kwanza, na harufu ikampiga kabla hajakipindua. Mizizi ilikuwa imegeuka rangi ya chai, laini kama mlenda. Akanyanyua cha pili, cha tano, cha mwisho wa mstari. Kangaruu huvumilia jua, upepo na njaa. Kitu isichovumilia ni miguu kukaa majini.

"Nilikwambia utoshe maji!" sauti yake ilitoka nyembamba.

"Na mimi nikatosheleza! Asubuhi na jioni, kama ulivyosema!"

"Kutosha, Coletha. Kutosha! Unakamata sahani, unatosha maji, unaimwanga!"

"Huko ni kutoa," Coletha alisema polepole. "Kutosha ni kuwa ya kutosha. Tele."

"Na mvua? Sikukwambia ni juu ya mvua, kwa sababu ya mvua?"

"Ulisema juu ya mvua. Nikaongeza juu yake."

Walitazamana. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakuna aliyecheka Kiswahili cha mwenzake. Coletha alikaa chini kwenye saruji iliyolowa, akalia kwa uchungu bila kujificha. Agathe alitaka sana kumkasirikia. Alikitafuta kisa cha kumkasirikia akakikosa, maana kila alipogeuka alijisikia mwenyewe akisema usiulizeulize. Swali moja tu la rafiki yake lingeokoa uwanja mzima, na yeye ndiye aliyelifungia mlango. Akakaa naye palepale chini, akamshika bega.

Walimwaga maji yote kabla jua halijazama. Walipomaliza, Coletha alisema jambo ambalo Agathe alikuwa nalo moyoni tangu mchana.

"Lakini maua yamesimama, dada. Majani hayana doa. Yule mama ataangalia juu, hataangalia chini."

Tusimsingizie Agathe utakatifu. Aliliwaza jambo hilo usiku kucha na halikumchukiza hata kidogo. Mimea ingesimama wiki mbili nyingine kwa nguvu za akiba. Ingekufa Westville, kwenye veranda za watu, na nani angejua?

Bi Moonsamy alikuja asubuhi na bakkie, pikapu nyeupe. Alikuwa mwanamke wa makamo, mikono yake mikavu ya mtu anayeshika udongo kila siku. Alipita kati ya vyungu, akageuza majani, akapapasa manyoya ya maua. Kisha akatikisa kichwa kwa mshangao na kusema, kwa Kiingereza, kwamba ameuza mimea nusu ya maisha yake na hajawahi kuona kangaruu safi hivi katika jiji hili. Angechukua zote. Akafungua mkoba, akatoa mkanda wa vibandiko vilivyokwisha kupigwa chapa, akampa.

Agathe alikisoma cha kwanza. AGATHE, MOBENI. Ile h ilikuwepo. Alijisikia mrefu, kifua kimejaa, na hapo hapo akajua kwamba hawezi. Jina hilo lingeenda kubandikwa kwenye kitu kilichooza. Alikuwa amelisubiri miaka yote ile, na sasa yeye mwenyewe ndiye angelizamisha.

Akainama, akachukua chungu kilichochanua kuliko vyote, akakipindua mbele ya miguu ya Bi Moonsamy. Mizizi ya rangi ya chai ikamwagika kwenye saruji.

"Zote ziko hivi," alisema kwa Kiingereza chake. "Baada ya wiki mbili zitaanguka. Siwezi kukuuzia."

"Ni kosa langu," Coletha alidakia. "Nilizijaza maji mimi."

"Kosa ni la mdomo wangu," Agathe alisema. "Yeye alifanya nilivyomwambia."

Bi Moonsamy alichuchumaa, akaifinya mizizi kati ya vidole. Alisema wakulima wamemuuzia mimea iliyooza mara nyingi asizoweza kuzikumbuka, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumpindulia chungu amwonyeshe. Kisha akauliza kama hana hata kimoja kilicho kizima.

Agathe aliona haya. Zilikuwepo tatu, nyuma ya tangi la maji, alikozificha ili mgeni asizione: zile ndoo za kwanza, zenye michirizi ya rangi iliyokauka na mishikio yenye kutu. Hazikuwa na sahani, kwa kuwa hakuna sahani iliyozitosha, na zilikaa juu ya matofali. Coletha hakuzigusa kwa sababu hakuwa na cha kujaza. Agathe aliongoza njia.

Vikonyo vilifika kifuani mwa mtu. Maua yalikuwa mekundu ya kuiva, mengi, na nyuki walikuwa wameyajaa kana kwamba ghala na viwanda havipo. Bi Moonsamy alisimama. Akauliza bei.

"Hizi haziuzwi," Agathe alisema, na sauti yake ikarudi mahali pake. "Hizi ni mama. Zile zote ni watoto wao. Lakini moja inaweza kwenda kukaa mlangoni kwako, watu waione, mpaka nikuze watoto wengine. Msimu ujao utakuja kuchukua, na utapindua chungu chochote unachotaka."

Bi Moonsamy alicheka, akampa mkono. Alibandika kibandiko kimoja kwenye ndoo, lakini kwenye ndoo kubwa ile kilipotea kama kiroboto. Coletha akachakura pochi yake, akatoa chupa ya rangi ya kucha, nyekundu. Agathe aliichukua, akapiga goti, akaandika mwenyewe juu ya michirizi ya rangi ya zamani, herufi kubwa, kwa mkono uliozoea mistari iliyonyooka.

Waliipandisha ndoo kwenye bakkie, wakaifunga kamba. Gari likatoka getini, likasimama kwenye robot, zile taa za barabarani, na maua yakawa yanayumba juu ya ubavu wake. Waliokuwa wakivuka barabara kwenda kazini waligeuka kutazama. Kutoka pale getini jina lilisomeka lote.

Agathe alisimama mikono kiunoni, nyuma yake uwanja mzima wa kuanza upya. Hakuwa na hata chungu kimoja cha kuuza, na hakukumbuka siku nyingine aliyojivunia kazi yake namna ile.

"Dada," Coletha aliuliza kwa woga, "imetosha?"

Robot ikawaka kijani. Agathe alilisindikiza gari kwa macho mpaka likakata kona.

"Kwa Kiswahili chako," alisema, "imetosha."