Rejista ya Soda

Habari za Tawi ilikuwa karatasi moja tu. Ilibandikwa kila mwanzo wa mwezi kwenye ubao ulio nje ya chumba cha kufulia nguo za hospitali, na kazi ya kuisoma kwa sauti ilikuwa ya Beldina Naswa. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Shule aliiachia darasa la saba, lakini alikuwa na sauti ya kufika mpaka jikoni, na alijua kukoleza. Ukiisoma mwenyewe, ilikuwa karatasi ya chama cha wafanyakazi. Ukisomewa na Beldina, ni kama umealikwa harusini.

"Jambo la kwanza," alisoma Jumatatu hiyo, ndoo yake ya deki ikimngoja mguuni. "Timu yetu ya netiboli ilisafiri hadi Kombewa, ikapata uzoefu mkubwa."

"Walifungwa ngapi?" akauliza Debra, msichana wa wodi ya watoto.

"Hawakuandika. Uzoefu ukiwa mkubwa hivyo, mwanangu, hauhesabiki."

Wanawake wakacheka, wakasogea karibu. Wote walikuwa wafagiaji na wapiga deki, na saa nne asubuhi ndiyo ilikuwa saa yao ya kunyoosha migongo.

"Jambo la pili. Tawi linampa pole Mzee Absalom wa langoni kwa kung'olewa meno mawili."

"Matatu!" Mzee Absalom akapiga kelele kutoka kibandani kwake. "Waambie waandike vizuri!"

"Jambo la tatu," Beldina akaendelea, bado anacheka. "Wafanyakazi sitini na watatu wa usafi, katika mkutano wao wa mwezi uliopita, wamekubali kwa kauli moja kuacha ajira ya kudumu, na kuhamia..."

Hapo sauti ikaanza kuchechemea. Alimalizia polepole, kama mtu anayeshuka ngazi zenye sabuni. Kuhamia kwa kampuni ya usafi kutoka Nairobi. Mkataba wa miezi mitatu mitatu. Orodha ya waliokubali imeambatishwa.

Orodha ilikuwa hapo chini, imebanwa kwa pini. Nambari moja kulikuwa na sahihi yenye B ya mkia mrefu, mkia uliopinda kama wa paka aliyeona samaki. Katika Kisumu nzima hakuna mwingine ila Beldina aliyeiandika B hivyo.

Hakuna aliyecheka tena. Kila mmoja alijua kampuni ni nini. Kampuni ni fulana ya rangi ya machungwa na ujumbe wa simu siku yoyote, usije kesho. Kampuni haina pensheni. Beldina alikuwa amepiga deki korido zile kwa miaka ishirini na sita, na miaka minne tu ilikuwa imebaki astaafu kama mtu.

"Mama," Debra akasema, "hii karatasi si ni ile ya soda?"

Ilikuwa ile ya soda.

Mkutano wa mwezi uliopita ulikuwa kama mikutano yote ya tawi. Unafika, unaimba wimbo wa mshikamano, unaambiwa mambo mazuri yanakuja, halafu rejista inapitishwa. Ukishatia sahihi unapewa soda na mkate. Bila sahihi hakuna soda. Watu walikuwa wamezoea hivyo mpaka mtu akiona karatasi yenye mistari anasikia kiu. Hakuna aliyewahi kuuliza rejista inakwenda wapi, maana soda walijua inakwenda wapi.

Siku ile rejista ilipitishwa na Beldina mwenyewe. Katibu wa tawi alimpa karatasi na kalamu ya buluu yenye jina la chama, akamwambia kwa jina walilozoea kuitana, "Nyieka, nisaidie, wewe ndiye wanakusikia." Naye akapita mstari kwa mstari akiwaharakisha. Tia sahihi, mama, soda inapata joto. Wewe, acha kuisoma kama barua ya mchumba, ni mistari tu hiyo. Na ilikuwa mistari tu. Juu hapakuwa na neno hata moja. Maneno yaliongezwa baadaye.

"Na siku hiyo alikunywa soda mbili," akasema mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma, bila kumtazama. "Mimi niliona. Sisi moja moja, yeye mbili."

Beldina alifungua mdomo ili afanye mzaha, kwa sababu mzaha ndio uliokuwa ukimtoa kila mahali. Safari hii haukuja. Ni kweli alikunywa mbili. Wanawake wakabeba ndoo zao mmoja mmoja wakaondoka, na yeye akabaki pale na netiboli yake na meno ya Absalom.

Katibu wa tawi alikuwa Seline Adongo, binti wa Asembo Bay. Kabla ya kuwa katibu alikuwa mpiga deki. Yeye na Beldina waliajiriwa wiki moja, wakati hospitali ilikuwa na fagio moja la deki kwa wodi mbili, na kwa kuwa walilishiriki fagio hilo kama wake wawili wanavyoshiriki mume, wakaanza kuitana nyieka, mke mwenza. Mume akivunjika mpini walimfunga kwa kamba, wakasema sasa atatulia nyumbani. Kwenye ule mgomo mkubwa walishika bango moja, kila mmoja upande wake, na moshi wa polisi ulipomwingia Seline machoni ni Beldina aliyemwosha kwa maji ya chupa yake, huku akimwambia, "Lia tu, nyieka, watafikiri unatuombea." Uchaguzi ulipokuja, Beldina ndiye aliyesimama akalitaja jina lake.

Ofisi ya tawi iko mjini, juu ya duka la simu. Beldina alipanda huko mchana wa siku hiyo hiyo akiwa na aproni yake, na ngazi nzima alikuwa akijiambia kuna makosa. Mtu wa kuchapa amekosea. Seline ataruka, atapiga meza, ataita mtu.

Seline hakuruka. Alifunga mlango.

"Keti, nyieka. Nilitaka nikwambie mwenyewe."

"Basi niambie."

"Hili jambo lilikuwa limeamuliwa na wakubwa. Tungegoma, wangetuvunja. Afadhali tupate kitu. Na wewe sijakusahau, haki ya Mungu. Huko kwa kampuni utakuwa msimamizi. Hutashika tena fagio. Utatembea tu ukiangalia kama sakafu imekauka."

"Na wale wengine?"

"Wale bado wana nguvu. Watazoea."

Beldina aliitazama kalenda ukutani, akarudi kumtazama rafiki yake. Seline alikuwa amesuka nywele vizuri.

"Nikuulize moja tu. Kwa nini karatasi ulinipa mimi? Kulikuwa na mwenyekiti pale. Kulikuwa na Mark, karani wako, anakula bure tu."

Seline akashusha pumzi. Pengine alikuwa amechoka kudanganya, au pengine aliona ni sifa anampa mtu.

"Nyieka, kama ningempa Mark, wangeuliza ni ya nini. Wewe hawakuulizi."

Neno hilo lilimwingia Beldina taratibu, likatafuta mahali pa kukaa. Kudanganywa alikuwa amedanganywa sana maishani, na wanaume wawili, na mchungaji mmoja, na muuza kuku wa Nyamasaria. Lakini hao walimdanganya yeye. Huyu alikuwa amemchukua akamtumia kama chambo, na samaki ni watoto wa watu.

"Sawa," akasema. "Na huo mkataba umeshapigwa mhuri?"

"Bado. Muda wangu uliisha wiki jana, na mhuri hupigwa na katibu aliyechaguliwa. Lakini uchaguzi ni Ijumaa, hakuna anayeshindana nami, ni kitu cha saa moja." Seline akamshika mkono. Mikono yake siku hizi ilikuwa laini. "Ila afisa wa kazi atakuwepo, na yeye ni mtu wa kanuni. Anataka sahihi hamsini kwenye rejista, si chini. Zisipofika hamsini hakuna uchaguzi. Nyieka, niletee wale kina mama. Najua wamekasirika, lakini wewe utawaweza."

Beldina akautazama mkono ule laini. Huyu mwanamke alikuwa amemuuza, na sasa anamtuma dukani.

"Nitawaleta," akasema. "Wote sitini na watatu."

"Ndiyo sababu nakupenda."

"Najua," Beldina akasema, akashuka ngazi akishikilia ukuta.

Kesho yake saa nne aliingia chumba cha kufulia na soda mbili za machungwa. Mwanamke mmoja alivyomwona akageuza kiti chake kutazama ukuta. Beldina akaziweka chupa mezani, katikati ya mashuka.

"Hizi ndizo mbili nilizokunywa. Nazirudisha. Sina la kujitetea. Nilipewa karatasi nikaipitisha, sikuuliza, kwa sababu aliyenipa alikuwa ni yeye. Mnaweza kunichapa na mashuka yenye maji, nitasimama hapa. Lakini mnichape haraka, kwa sababu nina habari ya Ijumaa na saa yetu ya mapumziko ni fupi."

Hakuna aliyemchapa. Yule aliyegeukia ukuta akageuka tena, taratibu. "Habari gani?" akauliza, bado amenuna.

Beldina akawaeleza.

Ijumaa walifika wote, katika ukumbi wa kanisa ambao tawi lilikuwa limeukodi. Walikuja na sare zilizopigwa pasi, wakaketi mstari wa tatu hadi wa nane, wamenyooka kama kwaya. Makarani na madereva walikuwa kumi na tisa, nao walikuwa wameshatia sahihi na wanakunywa soda zao. Seline alipoona mistari ile imejaa, uso ulimng'aa. Alimpungia Beldina mkono, na Beldina akampungia.

Afisa wa kazi alikuwa Bwana Oluoch, mtu mwembamba mwenye miwani ya kamba. Alianzisha rejista kwa mstari wa tatu. Ikapita mkono kwa mkono hadi wa nane, ikarudi mbele. Akaitazama. Akageuza nyuma, akatazama nako.

"Hapa nina watu kumi na tisa," akasema. "Mbona hamjaandika?"

Akamnyooshea Debra kidole.

"Wewe, dada. Kwa nini hukutia sahihi?"

"Sijafika bado, Bwana," Debra akajibu kwa heshima.

"Lakini nakuona!"

"Unaniona, ndiyo. Karatasi inasemaje?"

Wanawake wakaanza kutikisika mabega, bila sauti. Mzee Absalom, aliyekuja kusikiliza tu na yeye si wa usafi, alifunika mdomo wake wenye mapengo kwa kofia.

"Mwezi uliopita," Beldina akasema bila kusimama, "kuna mkutano tulikubali jambo ambalo hatukulisikia. Karatasi ilisema tumelikubali. Basi leo tunaifuata karatasi. Hatupo, Bwana Oluoch. Endelea tu na wenzetu waliopo."

Bwana Oluoch alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Na kumi na tisa siwezi kuendelea nao," akasema. Kisha akamgeukia Seline, na sauti yake ikabadilika. "Jambo gani hilo walilokubali?"

Seline aliinuka. Alichukua rejista mezani, akashuka nayo katikati ya viti, viatu vyake vikigonga sakafu, mpaka kwa Beldina. Akachutama mbele yake. Mkononi alikuwa na kalamu ile ile ya buluu.

"Nyieka," akanong'ona. "Nakuomba. Tia wewe tu. Ukitia wewe, wote watakufuata."

Beldina aliitazama kalamu. Aliyatazama macho ambayo aliwahi kuyaosha kwa mkono wake.

"Ni kweli watanifuata," akasema. "Ulinifundisha."

Akakunja mikono.

Bwana Oluoch aliandika kitu kirefu kwenye daftari lake, akasema hakuna uchaguzi, hakuna katibu, mhuri anakaa nao yeye mpaka makao makuu watume mtu, na anataka kuiona hiyo orodha ya mwezi uliopita. Hakuahidi zaidi ya hapo. Inaweza kuwa mwezi, inaweza kuwa mwaka. Lakini wanawake walitoka nje wakiimba, Debra akiigiza, "Sijafika bado, Bwana," na kila alipoigiza walipasuka upya.

Beldina alibaki wa mwisho ndani. Tumboni kicheko kilikuwa kimemjaa, kikubwa, cha miaka ishirini na sita, ukumbi mzima wa watu wasiokuwepo. Na alijua ni nani angekicheka vizuri kuliko wote, angekaa chini kwa kucheka, angemshika paja na kusema, nyieka, utaniua.

Mtu huyo alikuwa mbele ya ukumbi peke yake, akirudisha chupa zilizojaa kwenye kreti. Alipomaliza alijaribu kuiinua. Kreti ya soda ina mishikio miwili, na wao siku zote waliibeba wawili. Upande mmoja ulipanda, mwingine ukakwaruza sakafu.

Beldina aliona mkono wake umeshanyooka. Akautazama kama mkono wa mtu mwingine. Kisha akautia kwenye mfuko wa aproni, akatoka nao nje, jua likiwaka.