Kilio Nyuma ya Ukuta wa Mianzi

Ukiuguza mwanao ukamwona kanyamaza, usikimbilie kushukuru. Tupokigwe alishukuru, na shukrani ile nusura imtie wazimu.

Ilikuwa mwaka 1954, huko milimani Rungwe. Binti yake, Tusekile, alikuwa na kansa ya titi, nayo ilikwisha kuingia mpaka mgongoni. Mume wa Tusekile, Asukile, alikuwa Chunya kwenye dhahabu. Kwa hiyo baba mkwe, mzee Andendekisye, alimjengea mgonjwa nyumba ya mianzi ubavuni mwa nyumba yake, na Tupokigwe akaja kumuuguza.

Hospitali iliwapa chupa ya dawa. Nesi Rozalia, Mhehe wa Kihesa, hakuwa mtu wa kuzungusha maneno.

"Mama, kumponya hatuwezi tena. Maumivu tunaweza kuyashusha. Kijiko kimoja asubuhi, mchana, jioni, na kingine akitaka kulala. Usingoje alie."

"Na asipoamka?"

"Kwa kipimo hiki ataamka. Mbona unaitazama chupa kama nyoka?"

Naam, aliitazama kama nyoka. Wanawake wa kanisani walikwisha kumnong'oneza kwamba dawa ile ni ya kulaza watu moja kwa moja. Akaifunga kwenye kitambaa, akaipandisha darini, akajisemea moyoni: nitampa akilia tu.

Na Tusekile hakulia. Akiulizwa, "Unaumwa, mwanangu?" anatikisa kichwa. Tupokigwe akawatangazia majirani kwamba ugonjwa umetulia. Ila mtoto hali chakula, jasho linamtiririka katika baridi ile, na macho kayatoa kama mtu anayesikiliza hatua za mwizi. Mama aliyaona hayo yote. Aliogopa kuuliza maana yake.

Sasa, kwa Wanyakyusa mke hamtazami baba mkwe wake, hatamki jina lake, wala hapazi sauti mahali mzee anaposikia. Mzee naye akipita karibu hukohoa kwanza, ili mkaza mwana apate kujificha. Hata waliobatizwa walishika hivyo. Tupokigwe mwenyewe ndiye aliyemfundisha bintiye adabu hiyo, tena kwa kumfinya.

Siku moja mzee akatoka kwenda kwenye baraza la wazee, akaaga kwa neno la Kinyakyusa. "Ndaga, mama Tusekile! Tutaonana jioni." Kikohozi chake kikapungua migombani, kikapotea.

Hapo ndipo sauti ilipotoka ndani ya nyumba. Tupokigwe, aliyekuwa akifua, alidhani ng'ombe katumbukia shimoni. Kisha akaelewa. Akatupa nguo, akaingia mbio.

Tusekile alikuwa amejikunja kama mtoto wa tumboni. Pembe ya blanketi ilikuwa imetafunwa ikabaki nyuzi, na nyuzi zina damu.

"Tangu lini?" mama akauliza.

"Tangu tutoke hospitali."

"Mbona hukuniambia? Mimi si mama yako?"

"Ningekuambia vipi? Nikifungua mdomo ili niseme, kilio ndicho kitakachotoka. Na baba mkwe yuko hapo. Mianzi hii, mama! Hata panya akipiga chafya anasikia."

Kabla Tupokigwe hajajibu, kikohozi kikasikika nje. Mvua ilikuwa imemrudisha mzee. Tusekile akashika blanketi, akalisokomeza mdomoni, shingo ikamvimba. Tupokigwe akalivuta, binti naye akalivuta, wakang'ang'aniana kama wanaogombea nguo sokoni. Blanketi likachomoka, na kilio kikatoka kizimakizima.

Tupokigwe akangoja matusi. Kumbe mzee alikuwa amesimama mvuani, kaupa ukuta mgongo.

"Mama Tusekile. Huyo ni yeye?"

"Ni yeye, baba. Utusamehe."

"Nami nilisimama kanisani nikashukuru kwamba amepata nafuu!" "Mwambie masikio yangu yamezeeka. Tangu leo sisikii kitu. Akitaka kulia, alie mpaka ng'ombe wakimbie. Na hiyo dawa mliyopewa iko wapi?"

Tupokigwe akapanda juu ya kigoda, akaishusha chupa. Akamnywesha kwa haraka hata kijiko kikagonga meno ya mwanawe.

Tusekile akameza. Baada ya muda vidole vyake vikakunjuka, kimoja kimoja, naye akalala. Hapo hofu ya Tupokigwe ikapanda upya. Aliweka kiganja kifuani mwa binti, akakiacha hapo. Pumzi ikichelewa, naye anazuia yake. Mara mbili alimtekenya wayo aone kama atavuta mguu.

"Mama, niache," Tusekile akasema, macho kayafumba. "Unanitekenya kama mtoto mchanga."

Aliamka jua likiinama, akaomba uji, akanywa nusu ya kikombe, akauliza habari za nyumbani, nani kaolewa. Tupokigwe alimjibu akilia na kucheka. Alijua kansa haijaondoka. Itamchukua mwanawe, na hilo lilimtisha usiku na mchana. Lakini jioni ilipofika aliichukua chupa mwenyewe, bila kusubiri kuitwa.

"Mama, uchungu bado haujaja," Tusekile akasema.

"Najua. Fungua mdomo."