Majina ya Wimbo wa Bura

…na mvua nayo haina adabu, inangoja mpaka nimesimama mbele ya maiki ndipo inashuka juu ya bati kama mtu anamwaga mahindi, na Gerald, fundi wa studio, ananipungia mkono, bado mzee, tusubiri ipungue, haya, nasubiri, nifanye nini, studio yenyewe chumba kimoja nyuma ya duka la simu hapa Katesh, magodoro yamepigiliwa ukutani, wenzangu wote wameshamaliza, Philomena kaimba ule wa harusi, wanakwaya wa Masieda wameimba ule wa ng'ombe aliyepotea, nyimbo za Bura zote kwenye albamu moja ya kumuenzi, tena akiwa hai, asikie kwa masikio yake, siyo tungoje msiba ndiyo tuanze kusema alikuwa mtunzi hodari, wazo hilo ni langu na nalisema bila aibu, na mimi nimebaki na ule wa kulima, mrefu kuliko barabara ya Singida, ndivyo nilivyokuwa namtania, Bura wewe, wimbo wako mtu anauanza wakati wa kulima anaumaliza wakati wa kuvuna, naye anacheka mpaka anakohoa, wako ni mfupi Hermani kwa sababu huna la kusema, mshenzi yule, nampenda kweli, hakuna mtunzi aliyewahi kunitia wivu isipokuwa yeye… sasa hata kucheka kunamshinda, tangu apooze upande mmoja anashinda kwenye kiti kule Nangwa, maneno hayatoki, anasikia tu, na Gerald hapa ameniambia, mzee, ile sehemu ya majina tuitoe, ni ndefu, redio hawataupiga, nikasema sawa, haraka hivyo, sawa, kama mtu anayeulizwa chai iwekwe sukari… lakini kweli, majina yale nani anayajua, Tluway, Oliva, Alfredi, majirani waliokuja kumlimia shamba, na wengine tumeshawazika, ila ndivyo wimbo unavyokwenda, mnalima pamoja, kiongozi anaita jina, ananyamaza, aliyeitwa anajibu eeh na majembe yanashuka, na ole wake kiongozi amruke mtu aliyekuja na jembe lake, Agatha aliwahi kurukwa, akabeba jembe akaondoka hata pombe haijatolewa, Bura huyo nyuma yake, akaenda kumwimbia mlangoni, jina lake tu, Agatha, Agatha, mpaka mama wa watu akatoka anacheka, na mimi leo nimruke tena, marehemu wa watu, kwa ajili ya redio… na jana Scola mke wake kanipigia, shemeji, nikimwekea hizo mlizokwisha kurekodi analia, halafu ananionyesha simu niweke tena, wako unakuja lini, anausubiri wako, nikasema kesho shemeji, kesho, jamani, atakaa pale ausikilize, afike penye majina akute gitaa tupu, atajua nimewatoa, atajua ni mimi… hapana, nitaita wote, Tluway, Oliva, Alfredi, Agatha, nitamwita na Philomena, nitamwita Scola aliyekuwa anatupikia, na nani tena, nani mwingine alikuwepo, kila shamba, kila mwaka… Mungu wangu, kiongozi hajiiti mwenyewe. Maisha yake yote Bura ameita watu na hakuna hata siku moja jembe limeshuka kwa jina lake, si ndiye alikuwa anaimba, nani angemwita, sisi tulikuwa tunajibu tu, na leo anayeongoza ni mimi, naweza kumwita, na eeh haihitaji ulimi, hata mdomo uliopinda unaitoa… Mzee, uko sawa, Gerald anapaza sauti, unalia? Niko sawa, majina yanabaki. Na redio je? Redio wakalime, nasema, na mwishoni naongeza moja ambalo halijawahi kuitwa, nikishaliita nitanyamaza, usikate hapo, wala usijaze gitaa. Anatazama juu, bati bado linapigwa vilevile, anaweka kidole kwenye kompyuta yake, unyamaze kwa muda gani mzee, niache nafasi kiasi gani? Ya mgonjwa kujibu, namwambia.