Bunju Katika Chungu cha Sita

Naandika maelezo haya nikiwa na akili timamu, jambo ambalo mwalimu wetu wa nidhamu angelipinga.

Shangazi Mwanasiti alikuwa amefinyanga vyungu sita kwa ajili ya kitabu cha mapishi cha hoteli moja ya Diani. Siku hiyo mpiga picha, Idris wa Majoreni, alikuja kwetu Gazi kuvipiga picha vikiwa na chakula. Alituagiza tusikiivishe chakula, kwani kikiiva hunywea. Tukakibabua juu juu tu na kukipaka mafuta kwa brashi, kikang'aa kama kilichoiva.

Chungu cha sita nilikabidhiwa mimi, Salwa, mwanafunzi wa kidato cha tatu niliyekuwa likizoni. Nilimwokota bunju, yule samaki wa kujivimbisha, aliyetupwa ufukweni na wavuvi, nikamlaza katika mchuzi wa nazi, kipande cha ndimu mdomoni. Idris angefunua kifuniko na kukutana na meno. Kila mtoto wa Gazi anajua kuwa bunju ni sumu. Hata paka wetu humkwepa. Sikukumbuka kwamba msaidizi wa Idris, dada Eunice, alikuwa ameshuka kutoka Eldoret, kusiko na bahari, juma lile lile.

Adhuhuri ilipoadhiniwa, Idris akaenda msikitini. Shangazi nami tukaingia ndani kuswali. Niliswali upesi kuliko inavyofaa, nikatoka. Eunice alikuwa anajifuta vidole.

"Umekula nini, dada?"

"Nimeonja tu kale kasamaki kanene. Usinichome kwa boss." Akajipapasa midomo. "Lakini pilipili yenu ni noma. Mdomo wote umekufa ganzi."

Sikuwa nimetia pilipili.

Nilipokuwa darasa la nne, jirani yetu mmoja alimla bunju asubuhi, tukamzika alasiri. Nilikumbuka ganzi yake ilivyoanzia mdomoni. Nikasimama nikiwaza kitabu, hoteli, na shangazi aliyechimba udongo ule kwa mikono yake. Nadhani nilisimama dakika nzima. Dakika hiyo sijamwambia mtu hadi leo.

Kisha nikaingia ndani na kumkatiza shangazi rakaa ya tatu.

"Shangazi, dada Eunice amekula bunju. Nilimtia chunguni mimi."

Hakunigombeza. Alitoka na kanga yake ya kuswalia, akamwita Idris mpaka wa msikitini wakageuka.

Garini kuelekea hospitali ya Msambweni, Eunice aliegemea bega langu.

"Chezesha vidole, dada. Sasa sema jina lako."

"Eunice."

"Tena."

"Wewe, unanitisha."

Tulipofika, daktari akamuuliza swali ambalo hofu ilikuwa imetusahaulisha sote: alimeza?

"Nilitema," alisema Eunice. "Ilikuwa mbichi ndani. Nyinyi hamjui kupika samaki?"

Daktari alisema huenda ubichi huo ndio uliomwokoa, lakini angemlaza ili pumzi zake zitazamwe. Idris akabaki naye. Sisi tukarudi Gazi, nami nikihesabu pumzi zangu mwenyewe.

Magharibi simu ikalia. Eunice alikuwa ameomba chai, na alitaka kujua yule msichana anafundishwa nini huko shuleni.

Shangazi aliweka simu chini, akanipa chungu cha sita. Kilikuwa kizuri kuliko vyote. Shingo yake aliisugua kwa kokoto siku mbili.

"Kivunje."

"Nitakiosha, shangazi. Kwa majivu, kwa maji ya moto."

"Udongo hunywa, mwanangu. Hiki kimeshakunywa."

Nilikipiga kwa mchi. Hakikuvunjika mara ya kwanza. Alikifinyanga vyema mno. Vigae nikavikusanya pamoja na mabaki ya bunju, na shimo nikalichimba mbali na kisima, mpaka likanifika magotini.

"Panatosha?"

Shangazi alichungulia. "Kuku hufukua," alisema. "Ongeza."

Nikaongeza.