Mlima Ndani ya Kibuyu

Kila asubuhi kabla ya kuanza kupakia, Rakeli alizoa changarawe kwenye safu ya mvinyo wa Kifaransa. Changarawe iliota pale pale sakafuni, chini ya makasha ya shamba moja kongwe la mizabibu. Safu nyingine za ghala lile la Whitehall, huku ughaibuni, zilikuwa na saruji tu. Kwenye hii, mvua ilinyesha kila iliponyesha Ufaransa, na msimamizi alikuwa ameweka kibao cha njano cha kuonya watu wasiteleze, basi.

Rakeli hakuwa mnywaji. Walokole wa kwao hawaonji hata tone. Lakini mjumbe wa shamba alipokuja kukagua, Rakeli alimsikiliza kwa makini. Changarawe hushika joto la mchana na kuirudishia mizizi usiku, alisema. Udongo wa mfinyanzi ulio chini yake hutunza maji kwa ajili ya kiangazi, na ukungu wa mto huzichelewesha zabibu kuiva. Ndiyo maana kila chupa ina ladha ya mlima wake, na ukoo unaolima pale ni uleule kwa mamia ya miaka. Rakeli alitaka kumuuliza kama kuna aliyewahi kuwaambia warudi walikotoka, kama watu wake walivyoambiwa kule Kivu. Akaendelea kupakia.

Nyumbani, mama yake, Mukabutera, alikuwa amegoma kula. Kule nyanda za juu za Kivu Kusini alikuwa mfugaji, na kwa funda moja tu alijua ng'ombe amelishwa kilima gani. Maziwa ya dukani aliyasukuma kando.

"Hii haina mulima," alisema. "Ni rangi tu."

Moyo wake ulikuwa umechoka, na daktari hakuficha. Mama alitaka kitu kimoja, aonje maziwa ya kwao kabla ya kufumba macho. Rakeli hakutulia. Kila alipoingia nyumbani alitazama kwanza kama kile kifua kinapanda na kushuka.

Akampigia kaka yake, Gatsinzi, aliyekuwa Buffalo, mtaa wa Black Rock. Kibuyu cha mama cha maziwa, alichotoka nacho mlimani, kilikuwa kwake tangu familia ilipotawanyika kutoka Newburg, kule Louisville, kila mtu akifuata kazi.

"Kilete. Mama anaisha."

"Bon, Jumamosi niko hapo," alisema Gatsinzi.

Alikuja nacho kimefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele. Kibuyu hakitiwi maziwa bila kufukizwa, hilo hata mtoto wa kwao analijua, kwa hiyo wakawasha majani makavu jikoni. Kengele ya moto ikalia jengo zima. Wapangaji wakatoka na watoto na makoti. Meneja akaja, akasema wakiwasha tena watahama.

Watu waliporudi ndani, Rakeli alimimina maziwa ya dukani kwenye kibuyu, akatikisa, akafungua. Ukungu ukatoka na kujaa sebuleni. Nyasi fupi za mlimani zikachomoza kwenye zulia mpaka chini ya televisheni. Gatsinzi akavaa koti lake kwa baridi.

Mama akamiminiwa kikombe, akanywa. Machozi yakamtoka.

"Ni kwetu," alisema. "Kwetu kabisa." Kisha akaonja tena, polepole. "Lakini hii moshi haiko ya kibuyu. Ni ya manyumba."

Gatsinzi akainamia viatu vyake. Walikuwa wamekubaliana, yeye na dada yake, kwamba mama asiambiwe yaliyopata kijiji.

"Balichoma kwetu lini?"

"Mwaka jana, Mama," alisema Rakeli. "Na ng'ombe walibeba zote."

Rakeli alinyoosha mkono akichukue kikombe. Mama hakukiachia. Alikunywa mpaka mwisho, moshi na vyote, akakirudisha kikiwa kitupu.

"Ongeza," alisema. "Ni yetu tu."

Jumatatu Rakeli alikuta safu ya Wafaransa imeganda kwa baridi. Ulikuwa Aprili, machipukizi ya mizabibu yalikuwa hatarini, na kule shambani walikuwa wamewasha mioto midogo kati ya mistari ili kuyaokoa. Kati ya makasha nako mioto iliwaka, mingi, kutoka mwanzo wa safu hadi ukutani. Msimamizi aliipita kwa uangalifu asiizime.

Rakeli alisimama na ufagio wake, akatazama dari, akingoja kengele kama ile ya Jumamosi. Haikulia.